Barakoa Nane za Ng'ombe

Evarist hakuwahi kuiba kitu, na alipenda hilo lijulikane. Watu walimpa wenyewe. Walimpa kwa mikono miwili, wakamwambia asante, wengine wakamsindikiza mpaka barabarani. Mwaka juzi alimuuzia bwana mmoja tanki la maji la jirani yake, na Krismasi ile nyumba zote mbili zilimwalika pilau. Alikuwa Mfipa mwembamba, shati la kunyooshwa, mdomo wa asali. Kitu kimoja tu alikipata kwa jasho: pikipiki nyekundu, miaka mitatu ya kubeba abiria, magunia na mbuzi. Hiyo hakumdanganyia mtu. Aliiosha kila asubuhi kabla ya kuosha uso, na akifika kwa watu aliiegesha kivulini, mwenyewe akasimama juani.

Jumamosi moja stendi ya kusimamishia pikipiki ilikatika, akaenda kwa Révérien, fundi wa kuchomelea mageti pale Nsemulwa, mjini Mpanda. Akakuta karakana imefungwa nusu. Ndani walikaa watu wazima wanne, wamevaa makopo usoni, wanagombana.

"Stesheni lazima iwe yetu," lilikuwa linasema kopo la kwanza. "Mwenye reli ndiye mwenye Mpanda."

"Reli bila treni ni chuma tu," likajibu kopo la pili kwa sauti ya kike. "Dizeli utaitoa wapi, na dunia imeshaungua?"

"Na viboko?" likauliza la tatu. "Mto Katuma utakuwa wao. Nyie mnapanga maji ya kunywa wakati viboko hamjawapanga."

Makopo yakatazamana. Ilionekana hoja ya viboko ni nzito.

Mtu mwingine angerudi kinyumenyume. Evarist akavuta ndoo, akakaa.

Kopo la kwanza likavuliwa, na ndani yake akatoka Révérien mwenyewe, mzaliwa wa Katumba, makazi ya wakimbizi, wazazi wake Warundi, mpole mpaka anakera. "Karibu bwana, usiogope," akasema. "Ni gemu."

Akaeleza. Kulikuwa na gemu ambamo dunia imeungua na watu waliobaki wanaishi kwenye mabaki, wanaokota, wanapigania maji. Walikuwa wakilicheza hapo karakana kila Jumamosi, mpaka siku moja mtu akauliza: je, ingekuwa Mpanda? Tangu siku hiyo hawakucheza sana. Walikuwa wanajadili. Na kwa kuwa mtu hawezi kujadili mwisho wa dunia amevaa fulana ya kampeni, walianza kutengeneza mavazi. Makopo ya maziwa ya unga, tyubu za baiskeli, vitako vya chupa kwa macho, na puani kichujio cha mkaa.

Kopo la sauti ya kike lilikuwa Theopista, fundi cherehani. Alimshikisha Evarist koti la viroba. "Kitu kipya hata mtoto anashona," akamwambia. "Kazi ipo kwenye kukizeesha. Hili nimelilaza wiki mbili kwenye maji ya misumari yenye kutu, nikalisugua na tofali, nikampa kuku alilalie."

"Mbona halina zipu?"

"Zipu haifiki miaka kumi. Dunia ikiisha, kaka, usimwamini mtu mwenye zipu."

Evarist akaitikia kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa ukutani. Pale ilitundikwa ramani ya Mpanda nzima, imechorwa nyuma ya kalenda ya parokia kwa wino mwekundu: MAJI YENYE SUMU. ENEO SALAMA. NJIA YA VIBOKO. Na chini, kulia, muhuri wa mviringo ambao Révérien aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Evarist aliusogelea ule muhuri. Kitu chenye muhuri hakiulizwi maswali.

"Mnauza?" akauliza.

"Hatuuzi," akasema Révérien. "Ni mapenzi tu."

Evarist akawahurumia kwa dhati. Watu wana mwisho wa dunia mzima, umegongwa muhuri, halafu wameutundika ukutani bure! Akaipiga ramani picha, akaazima kopo moja akamwonyeshe mwanawe. Mwana hakuwa naye, lakini hilo lingeweza kurekebishwa.

Mteja alishamjua kabla hajawasha pikipiki. Kule Misunkumilo, nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza, aliishi Nyanzala, mjane wa Kisukuma mwenye ng'ombe sitini hapo nyumbani, na wengine kule Kasansa ambao hakupenda wahesabiwe. Nyanzala maana yake ni mtu aliyezaliwa wakati wa njaa. Alikuwa na maghala matatu ya mahindi, na alikula ya mwaka juzi. Mtu aliyepewa njaa kuwa jina, aliwaza Evarist, atanunua chochote cha kuizuia.

"Shikamoo mayu," akasema Evarist alipofika, maana mama kwa Kisukuma ni mayu.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Evarist. Mfipa wa Sumbawanga."

"Mfipa! Mtani wangu huyo! Radi yako ya kurogea umekuja nayo au umeiacha nje?"

"Nimeiacha nyumbani, mayu. Inanyonyesha."

Mama akacheka mpaka akajipiga paja. Kati ya makabila yao mawili ulikuwepo utani wa tangu mababu: mtani hana tusi linalouma, akichukua chako amechukua, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Evarist akaona mlango uko wazi. Akapunguza sauti. Akatoa kopo, akatoa simu yenye picha ya ramani.

"Wataalamu wameshakaa, mayu. Dunia inaungua. Eneo salama limeshapimwa, muhuri huo hapo. Waliobaki ni wa kuandikwa majina tu, na nafasi ni chache."

Nyanzala aliitazama picha muda mrefu. "Nafasi moja shilingi ngapi?"

"Wataalamu hawataki shilingi. Shilingi itaungua. Dume moja."

"Na ng'ombe wangu je?"

"Ng'ombe?"

"Huo moshi wa sumu unachagua pua? Mimi nivae kopo, nipone, nitoke nje nikute ng'ombe wote miguu juu. Hapo nimepona nini, Mfipa?"

Miaka yote ya kazi yake hakuna mteja aliyewahi kumuuliza Evarist swali la maana. Akakohoa. "Nitawauliza wataalamu."

Alipoondoka, Nyanzala alitoa simu yake kwenye kanga. Na hapa lazima niseme kweli, maana mimi si Evarist. Kwenye grupu la WhatsApp la wale watu wa karakana alikuwemo mmoja aliyejiita Mtemi wa Katuma. Hakuna aliyewahi kumwona. Hoja ya viboko, iliyosemwa na kopo la tatu, ilikuwa yake. Hoja ya zipu ilikuwa yake. Na tangu masika alikuwa akishikilia kwamba dunia ikiisha, mtawala wa Mpanda hatakuwa mwenye stesheni wala mwenye bunduki, atakuwa mwenye ng'ombe. Wenzake wakamziba mdomo kwa swali moja tu: ng'ombe hao watapumua nini? Mtemi huyo alikuwa mjane wa Misunkumilo, mjukuu wake ndiye aliyemfundisha gemu, na lile swali lilikuwa linamkosesha raha miezi mitatu.

Akampigia Révérien. "Fundi, Mtemi hapa. Kuna Mfipa amekuja kuniuzia dunia yetu."

Révérien kwanza aliitazama tena simu, kwa kusikia kwamba Mtemi ni mama. "Anaiuza bei gani?"

"Dume moja kwa nafasi."

"Ni ghali," akasema Révérien.

"Atakuja kwako kuulizia barakoa za ng'ombe. Usimfukuze. Mpe bei yako kamili, halafu mdai dhamana. Jumamosi si tuna maonyesho ya mavazi yetu uwanjani?"

Wiki ile Evarist alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya maishani. Asubuhi yuko Misunkumilo anaulizwa, mchana yuko Nsemulwa anatafuta majibu. Maziwa yatakuwa na mionzi? Yachemshwe mara tatu, akasema Theopista. Mbung'o watakufa? Hawatakufa, akasema Révérien, watakuwa wakubwa kama kuku. Evarist akapeleka jibu, akarudi na swali, na siku ya tatu akajikuta anambishia fundi kwa hasira ya kweli: "Haiwezekani kama kuku! Damu ya kulisha mwili wote huo wataipata wapi, na wanyama wamepungua? Sema kama shomoro." Theopista akaandika: shomoro. Evarist aliondoka pale kifua mbele, asijue kwa nini.

Siku ya nne Nyanzala akakata shauri. "Niletee barakoa nane kwa gharama zako, za madume yangu nane ya mbele. Wengine watafuata. Nikiona zimewakaa, hapo nimekuamini."

"Na mimi, mayu?"

"Wewe nakupa madume manne."

Evarist akashika kiti. "Lini?"

"Mwishoni."

"Mwishoni, sawa kabisa," akasema, na wakapeana mikono mbele ya mjukuu na wachungaji wawili.

Révérien alitaja bei yake. Chuma, tyubu, vioo, siku nzima nzima za kazi. "Mimi ni mtu maskini, bwana," akaongeza kwa upole wake ule unaokera. "Acha pikipiki. Jumamosi saa nne ukileta hela, unaichukua. Ukikosa, ni ya karakana."

Evarist alizishika funguo muda mrefu. Alimwangalia mpenzi wake mwekundu, amesimama pale juu ya stendi mpya. Halafu akayaona madume manne yakitembea, na thamani yake ni pikipiki tatu na chenji ya kanzu. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Lakini wahenga hakuna aliyewaahidi madume manne. Akaziweka funguo mezani na kuondoka kwa miguu, na alipofika kona akageuka kuitazama.

Jumamosi uwanja wa Misunkumilo ulijaa. Watu walikuwa wamesikia kuna wendawazimu watavaa makopo, na Mpanda haikosi jambo kama hilo. Evarist alifika saa tatu, mkononi ana kamba nne mpya, na amempata mnunuzi wa mnadani anayesubiri na lori. Maonyesho yalichelewa mpaka karibu saa tano, na saa nne ikapita Evarist akijiambia kwamba fundi mpole namna ile atangoja. Wakapita watu wa karakana na makoti yao. Watu wakapiga makofi. Halafu vumbi likatimka, na ng'ombe wa Nyanzala wakaingia uwanjani wakifuatana, madume makubwa, usoni barakoa za bati na tyubu, macho ya chupa, wanapumua kwa kishindo kupitia mkaa. Uwanja mzima ukasimama kuwatazama. Theopista alilia machozi. Hata Evarist aliona fahari. Mbung'o wa ukubwa wa shomoro walikuwa wazo lake.

Akamfuata Nyanzala, aliyesimama na fimbo yake kando ya muuza vitumbua.

"Mayu, zimewakaa!"

"Zimewakaa kweli. Ahsante, mtani."

"Basi madume yangu manne."

"Yapo. Si tulisema mwishoni?"

"Ndiyo. Kazi imekwisha."

"Kazi? Nani alitaja kazi?" Nyanzala alimgeukia kwa mshangao wa mtu anayesingiziwa. "Siku ile mimi na wewe tulikuwa tunazungumza mwisho wa nini?"

Evarist akafikiri. "Wa dunia."

"Haya. Umefika?"

Wakatazama pande zote. Muuza vitumbua alikuwa anageuza vitumbua. Watoto walikuwa wanagombania mpira. Pale upande wa pili bodaboda wawili walikuwa wanagombania abiria, na yeye hakuwa mmoja wao.

"Haujafika," akakiri.

"Ukifika uje na hizo kamba zako. Mimi nitakuwa nimevaa kopo, ila utanijua kwa sauti. Uniite Mtemi."

Damu ilimpanda Evarist. Akafungua mdomo.

"Jamani," akasema Nyanzala kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mtani wangu amekasirika?"

Watu wakageuka. Wafipa waliokuwepo wakamwangalia kwa aibu, Wasukuma kwa matumaini, maana mtani anayekasirika hutozwa faini. Na angesema nini? Kwamba amedhulumiwa akiwa katika shughuli ya kuuza kiama? Akacheka. Alicheka kwa nguvu, akashika mbavu, akampiga Nyanzala bega, na kilimuuma kicheko kile kuliko jino. Watu wakaridhika, wakarudi kwenye vitumbua.

Akamwendea Révérien, kicheko kikiwa bado hakijakauka usoni. "Fundi, ndugu yangu. Nipe wiki mbili. Nitaikomboa taratibu."

Révérien akatazama chini. Alikuwa na huruma ya kweli. "Saa nne imepita, bwana. Na chuma cha dume la mwisho kilipungua. Saa nne na dakika tano tukaanza kukata."

Dume la nane lilikuwa linaingia peke yake, kubwa kuliko yote. Kwenye paji la uso lilivaa nusu ya tanki jekundu. Katikati ya pembe kulikuwa na taa, na kila pembe ilikuwa na kioo chake cha pembeni. Theopista alikuwa na dakika chache tu, lakini alikuwa fundi: lile jekundu lililooshwa kila asubuhi kwa miaka mitatu lilisuguliwa na tofali mpaka likaonekana limefukuliwa kaburini. Evarist alitaka kulia, na hapohapo, Mungu amsamehe, akaona kwamba limezeeshwa vizuri sana.

Lilimjia moja kwa moja, mjukuu wa Nyanzala akitembea ubavuni na waya wa betri mkononi. Lilipobakiza hatua tatu likapiga honi. Evarist, kwa mazoea ya barabarani, akasogea pembeni kulipisha.