Pipa la Nguo Nyeupe

Jumapili, tarehe 2 Februari

Joto. Kuku wa jirani wamelala chini ya gari bovu, midomo wazi. Na juu ya joto, Wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu. Moyoni namwita Marumaru, tangu aweke vigae vinavyong'aa kwenye baraza lake jipya. Usoni namwita wifi yangu mpenzi. Leo amekuja baada ya chakula kunitangazia kwamba sikukuu ya taifa mwaka huu itafanyika kwake. Hakuuliza. Ametangaza tu, huku anakunywa chai yangu. Eti baraza lina upepo. Eti na mimi nipumzike.

Nipumzike! Nani kaniona nimechoka?

Sikukuu hufanyika hapa. Marehemu baba mkwe alikuwa mwashi, na ngazi za mbele ya nyumba hii alizijenga kwa mikono yake. Asubuhi ya sikukuu tunatundika bendera yake ya zamani. Tunavaa nyeupe wote, kwa sababu yeye alivaa nyeupe siku bendera ilipopandishwa mara ya kwanza, na tangu hapo hakutaka kuona rangi nyingine siku hiyo. Kisha tunakaa kwenye ngazi, wazee juu, watoto chini, tunapigwa picha. Picha za miaka yote ziko ukutani sebuleni. Mume wangu yumo katika zote, tumbo likiongezeka kutoka picha hadi picha. Na mimi nimo. Ule mkono wenye mwiko, pale pembeni, ni wangu. Katika nyingine kinaonekana kisigino changu kikiingia mlangoni.

Lakini ngazi haziniumi sana. Kinachoniuma ni binti yangu muuguzi. Anafanya kazi mbali. Huja mara moja kwa mwaka, sikukuu hii. Analala kwenye kitanda chake cha zamani, namsikia akigeuka upande wa pili wa ukuta, na mimi nalala usingizi mzito. Sasa Marumaru ana chumba cha wageni chenye feni. Sikukuu ikiwa kwake, mtoto atalala kwake. Kwangu atapita kusalimia, mkoba begani, amesimama mlangoni kama mtu wa kusoma mita.

Nimemweleza mume wangu. Amesema dada yake ana nia njema. Akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nimepata!

Wazo limenijia kazini, nikikamua mashuka. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, na hakuna mtu mji huu anayeng'arisha nguo nyeupe kunishinda mimi. Nikajiuliza: watu wanaweza kusherehekea bila baraza? Wanaweza. Bila vigae? Vizuri sana. Bila nguo? Hapo ndipo nikaacha shuka likaanguka.

Jioni nimempigia Wifi kwa sauti ya asali. Nimemwambia yeye abebe mzigo wa kupika, mimi nitawafulia nguo nyeupe ukoo mzima na kuzipiga pasi. Asubuhi ya sikukuu waje tu wavae. Amesema nina moyo mzuri kweli kweli. Nilijisikia vibaya kidogo mpaka nikakata simu, kisha nikapona.

Mpango wenyewe: watakuja kwangu, maana nguo zao ziko kwangu. Watavaa kwangu. Wakivaa watasikia harufu ya nyama jikoni. Watakaa waonje. Mtu wa ukoo huu akishakaa mbele ya sahani, kumwinua ni kazi ya winchi. Marumaru atabaki na vigae vyake ajitazame uso.

Mume wangu ameniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nimemwambia joto.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nguo zimefika. Gauni la mama mkwe, linanuka naftalini. Shati la mume wangu, kifungo cha tumboni kimekata tamaa. Shati la mwanangu fundi pikipiki lina doa la oili mgongoni, anasema si doa, ni kivuli. Na gauni la lesi la Wifi, limefungwa kwenye karatasi laini, pamoja na maelekezo. Nisilikamue. Nisilianike juani. Ananifundisha mimi kufua! Ningeenda mimi kumfundisha kuringa?

Halafu, kama hiyo haitoshi, amepiga simu. Anaomba bendera. Ameshapaka rangi mlingoti wa kuitundika barazani kwake.

Bendera! Nimemjibu kwamba sijui iko wapi, nitaitafuta. Nilikuwa nimelikalia sanduku lake.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Siku mbaya. Naandika mikono ikinuka dawa.

Nimetoka kazini mapema. Nikachemsha maji, nikaloweka nguo zote nyeupe kwenye pipa uani, sabuni ya kutosha, maji ya moto hasa. Kisha nikatoa bendera sandukuni nitafute maficho mapya, kwa sababu sandukuni ndiko mtu yeyote angeanzia. Nilikuwa nimesimama nayo uani, nikitazama paa la banda, niliposikia hodi.

Wifi. Na mtu wa ukoo huu akibisha hodi anakuwa ameshaingia.

Nifanye nini? Pipa lilikuwa mbele yangu. Nikaizamisha bendera chini kabisa, nguo juu yake, nikageuka natabasamu.

Amekuja kuulizia bendera. Nimemwambia bado natafuta. Basi akasema atanisubiri nimalize kufua tutafute wote. Akavuta kigoda, akaegemeza mguu kwenye pipa, akaanza kunieleza habari za vigae. Jinsi vinavyopanguswa. Jinsi fundi alivyotaka kuvipanga vibaya na jinsi alivyomkemea. Nimemkaribisha ndani mara nyingi mpaka ikawa kama namfukuza. Hapana, uani kuna hewa. Amekaa hadi jua likahama ukuta. Mimi nimesimama na mti wa kukorogea, sikorogi, naogopa kitakachoibuka.

Alipoondoka nikafunua.

Mungu wangu. Maji mekundu kama juisi ya dukani. Ile nyekundu ya bendera, iliyostahimili mvua na jua la miaka yote, imeshindwa na maji yangu ya moto. Gauni la mama mkwe, pinki. Shati la mume wangu, pinki. Lesi ya Wifi ilikuwa imeikumbatia bendera yenyewe, pinki ya kupiga kelele. Doa la oili tu ndilo limebaki vilevile.

Nimetia dawa ya madoa. Nimetia ndimu. Nimetia bluu, zikaelekea zambarau, nikaitoa haraka. Nimeomba dua. Mshonaji wa jirani amechungulia juu ya ukuta, akauliza kwa heshima kama tunaoza binti, mbona hakualikwa.

Mimi! Mimi ninayefua mashuka ya wageni!

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Binti yangu amekuja. Amekuja moja kwa moja hapa, hakupitia kwa shangazi yake. Ana begi kubwa. Nimeliinua, zito. Sijamuuliza atakaa hadi lini, maana ukiuliza unajibiwa. Nimempakulia mara mbili. Amekonda. Anasema hajakonda. Amekonda.

Nguo ziko chini ya kitanda changu. Ameuliza mbona nyumba inanuka dawa kama wodini. Nimesema mashuka. Akataka anisaidie kupiga pasi, nikapiga ukelele mpaka baba yake akapunguza redio.

Jioni amesimama sebuleni akitazama zile picha ukutani, moja baada ya nyingine, mikono kiunoni. Nimemwonyesha mwiko wangu. Hakucheka. Amechoka na safari, mtoto.

Mpango mpya: nitasema ni sabuni. Sabuni za siku hizi haziaminiki. Nimejizoeza mbele ya kioo. Karibu nijiamini mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Februari. Sikukuu

Wamekuja wote, kama nilivyopanga. Hapo ndipo mpango ulipoishia.

Nimewapanga sebuleni, nikatoa nguo moja moja. Pasi kali, mikunjo imenyooka kama rula. Zote pinki. Nikaanza hotuba yangu ya sabuni na nilikuwa naendelea vizuri, mpaka mwanangu alipouliza kama sabuni hiyohiyo ndiyo iliyoipausha bendera, maana anaiona dirishani iko kwenye kamba, na nyekundu yake imekwenda likizo.

Nilikuwa nimeisahau kwenye kamba!

Basi nikamwaga yote. Nguo za kuwavutia, nyama jikoni, hodi, pipa. Mume wangu alikaa chini. Wifi alichungulia dirishani, akaitazama bendera. Kisha akauliza, taratibu, kama ni kweli aliongea mpaka koo likamkauka, mguu wake juu ya bendera aliyokuja kuitafuta. Nikakubali. Akauliza lesi yake ni ipi. Nikamwonyesha. Hakuhitaji kuonyeshwa, ilikuwa inaonekana toka barabarani.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, wala si kwa huruma. Tulipogeuka alikuwa ameshavaa lake, anajitazama kwenye kioo cha kabati, ubavu huu, ubavu ule. Akasema marehemu alimvalisha kama shuka la hospitali kila sikukuu, akiomba hata utepe wa rangi anaambiwa anaidharau nchi. Sasa aje aseme leo. Akauliza nani ana rangi ya mdomo.

Hapo binti yangu akanishika mkono, akanipeleka mbele ya picha. Akaniuliza mimi niko wapi. Nikamwonyesha mwiko. Akasema ndiyo maana. Ni yeye aliyempigia shangazi yake, akamwomba sikukuu ihamie kule, ili mwaka mmoja tu, mmoja, mama yake akae chini apigwe picha akiwa na uso. Na Wifi alikubali papo hapo. Na chumba chenye feni? Akasema hakuwahi kuulizwa, nani aliniambia analala kule? Amechukua likizo ya wiki nzima, analala hapa, kwenye kitanda chake. Ningeuliza tu, ningeambiwa.

Nimelia kidogo kwenye lesi ya Wifi. Ilikuwa imeshaharibika hata hivyo.

Basi tukaenda kwake, tumevaa pinki, bendera iliyopauka mkononi. Chungu changu cha nyama kimesafiri kwa pikipiki ya mwanangu. Nimewekwa kwenye kiti barazani na nimekatazwa kuinuka. Mateso! Nimewatazama wakipakua vibaya. Nimewatazama wakipanga sahani ndogo chini ya kubwa, au kubwa chini, sikumbuki, ila ilikuwa vibaya. Nimeinuka mara nyingi, na kila mara Wifi ameniketisha kwa kidole kimoja. Lazima niseme kweli: upepo upo.

Mpiga picha alipofika, mama mkwe akakanyaga vigae na viatu vyake vya sikukuu, miguu ikaenda njia mbili. Wajukuu wakamdaka. Akasema hakuishi miaka yote hii aje kufia kwenye kitu cha kupanguswa, anataka ngazi za mumewe. Tukarudi kwangu kwa miguu, mpiga picha nyuma, bendera iliyopauka mbele. Watu barabarani wamepiga makofi. Mmoja akauliza sisi ni kwaya gani. Wifi, akitembea kando yangu, akamjibu bila kucheka kwamba ni Kwaya ya Pipa.

Nilimpenda sana wakati ule. Niache kumwita Marumaru? Nitafikiri.

Nimekaa katikati. Katikati hasa! Mama mkwe kulia, binti yangu kushoto, ameushika mkono wangu kwa nguvu kama wa mgonjwa mkaidi. Mpiga picha akasema tutulie. Tukatulia.

Kisha nikakumbuka pasi. Niliizima?

Jumapili, tarehe 9 Februari

Picha imefika kwenye simu ya binti yangu. Wote wapo, pinki, wanacheka. Pembeni kabisa, kiwiko kikiingia mlangoni.

Pasi ilikuwa imezimwa. Baridi kama jiwe.

Binti yangu ameitazama picha muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Nimemuahidi, mbele ya baba yake na shangazi yake, kwamba yamekwisha. Sitapanga tena mambo gizani. Nikitaka kitu nitasema kwa mdomo, kama watu. Nikiwa na wasiwasi nitauliza. Mume wangu amezima redio ili aisikie vizuri ahadi hiyo.

Ijumaa, tarehe 14 Februari

Wiki imekwenda wapi?

Anaondoka kesho asubuhi. Begi liko mlangoni. Kazi inaanza keshokutwa, na wakubwa wake hawapokei muuguzi asiye na sare safi, ameniambia mwenyewe. Sare yake iko juu ya kitanda imekunjwa. Nyeupe. Nyeupe pepepe.

Ningeweza kumwambia abaki siku mbili tatu zaidi. Lakini angesema hawezi, basi ya nini kumsumbua mtoto kwa maswali?

Nimeitazama ile sare vizuri. Kola ina vumbi kidogo. Mtu asipojua kufua hawezi kuliona, ila mimi naliona. Hakuna ubaya nikiiloweka. Maji yameshachemka.

Nimechungulia uani. Bendera iko tena kwenye kamba. Ukiigeuza upande wa pili, ina wekundu wa kutosha.