Mimi na Nyarugabo Hoteli ya La Patience

Jumanne, 14 Julai 2015

Siku ya tatu tangu niondoke Louisville. Ndege tatu, basi moja, na mwisho pikipiki, mimi nyuma ya dereva na sanduku juu ya mapaja. Nimefika. Mji mdogo wa Benin, barabara moja ya lami, zilizobaki udongo mwekundu na matope. Hoteli inaitwa La Patience, yaani Subira. Walau wametoa onyo mlangoni.

Vyumba vitano. Kiyoyozi kimoja, chumba namba 2. Mwenye hoteli ni Monsieur Antoine, mtu mnene asiye na haraka. Amenipa namba 5. Feni inayozunguka ikijisikia. Ndoo. Taulo ambalo kwetu Beechmont, mtaa wa Louisville, tungefutia meza, si mtu. Nimesema nataka namba 2. Akasema namba 2 ina Mmarekani. Nikasema Mmarekani ni mimi, nikaonyesha pasipoti ya bluu. Akasema basi leo anao wawili, Mungu ashukuriwe.

Daftari la wageni. Kwenye kazi nimeandika Mkurugenzi. Kweli ni kwamba miaka minane nashusha masanduku kwenye malori, lakini sijasafiri nusu ya dunia kuandika masanduku. Halafu nikasoma mstari wa juu yangu. Nyarugabo Ferdinandi, Columbus, Ohio. Kazi: Mkurugenzi Mkuu.

Nyarugabo! Mwimba besi wa kanisa letu la Columbus. Kwetu Minembwe, milimani Kongo, kilima chao kinatazamana na chetu. Katika kambi ya wakimbizi hema lao lilikuwa la tatu kutoka letu. Nimemkuta uani anapiga mswaki kwa maji ya chupa. Akanikumbatia na povu lake. Akasema, ndugu yangu Elisée, na wewe umekuja kwa Rakeli?

Nimegeuka nikaondoka. Nimekaa chumbani na hasira, kwa kuwa viti vyote vya hoteli viko chumbani kwake.

Jumatano, 15 Julai

Niandike vizuri jambo lenyewe, nisije nikasema baadaye sikuelewa.

Nina miaka arobaini na moja. Sina mke. Dada yangu Jolie, ninayeishi naye Beechmont, amechoka kunipikia na ananiambia hivyo mbele ya wageni. Ndiye aliyenitafutia Rakeli, mpwa wa Mzee Ruberwa, aliyekimbilia huku Benin zamani na kubaki. Rakeli anashona sare za shule. Miezi mitano tumeongea kwa simu kila Jumapili. Kumbe Jumamosi ilikuwa ya Nyarugabo. Alinieleza wazi kwamba kuna mwingine, nikacheka, nikajua anatania. Likizo hii nimeikusanya miaka minne. Nikirudi mikono mitupu, Jolie atanihamishia kwenye kochi.

Mzee Ruberwa alituita sote wawili katika wiki ile ile. Alisema umri wake haumruhusu kuandaa wageni mara mbili.

Asubuhi nikavaa suti, nikapanda pikipiki. Mzee yuko chini ya kibaraza cha mabati, mwembamba, kofia, fimbo. Ana ng'ombe watatu wanaochungwa na Wafulani. Nikasalimu, nikakaa, nikaanza: mimi Elisée Rutebuka nimekuja. Akainua mkono. Akauliza nani anasema. Nikasema mimi. Akasema mposaji hajisemei. Mposaji anakaa kimya, anatazama chini, anayemjua anamsemea. Nyumba hii haijahama Minembwe, imebadilisha bati tu. Donc, yaani basi, nikanywa maziwa, nikarudishwa na suti yangu.

Kitu kimoja kimenituliza. Nyarugabo amerudishwa hivyo hivyo saa moja kabla.

Mchana nimepata akili. Nimemwajiri Monsieur Antoine awe msemaji wangu. Nimemfundisha mpaka jua linazama: ukoo, kilima, baba, babu. Anashika pole pole, lakini ana sauti.

Alhamisi, 16 Julai

Antoine ameniharibia.

Mzee alimuuliza babu yangu aliishi wapi. Antoine akasema chumba namba 5. Mzee akauliza anajua nini juu ya tabia yangu. Antoine akafikiri sana, akasema mteja huyu amelipa bila kelele na mpaka leo hajaiba taulo. Nyuma ya pazia nikasikia wanawake wanacheka. Mimi nimeinama natazama chini kama desturi inavyotaka. Shingo imeniuma.

Mzee akasema kwa upole, niende nilete mtu anayejua nilikotoka. Nikamuuliza nitampata wapi mtu wa kwetu, Mnyamulenge, katika mji ambao watu wanakula ugali na bamia inayovutika kama kamba? Akasema amesikia kuna mmoja hotelini kwetu.

Chakula cha jioni: ugali na bamia. Pamoja na jibini la Wafulani lililopakwa rangi nyekundu na kukaangwa. Limenishinda kulidharau. Nimekula vipande vitano.

Nyarugabo alikula meza ya pili. Alikuwa ametoka kumpeleka dereva wa pikipiki kwa Mzee kama msemaji. Dereva alipoulizwa alimjua lini, alisema tangu kwenye kona ya soko.

Ijumaa, 17 Julai

Umeme umekatika tangu alfajiri. Antoine anasema jenereta ipo, mafuta ndiyo hayapo. Nikasema basi nini kipo. Akasema subira.

Nyarugabo amegonga mlango wangu na mayai mawili ya kuchemsha. Amekaa kwenye ndoo. Akasema ndugu yangu, hapa tuko wawili, na kila mmoja anahitaji mmoja. Wewe unisemee, mimi nikusemee, Rakeli achague. Nikatafuta mtego uko wapi. Sikuuona. Hapo ndipo nilipojua ni mtego mzuri.

Nimekubali kwa sharti kwamba yeye aanze. Anisemee kesho Jumamosi, mimi nimsemee Jumapili baada ya ibada. Akakubali pale pale, mjinga. Hesabu yangu ni rahisi: kesho yeye atanipandisha, keshokutwa mimi nitamshusha. Tumeapa juu ya Biblia yake kwamba hakuna atakayesema uongo. Bon. Ukweli unatosha. Mtu aliyekaa naye ukuta mmoja ana ukweli mwingi.

Nimemwandikia sifa zangu kurasa mbili, asije akasahau. Nikamwomba na yeye aniandikie zake. Ameandika mstari mmoja: sema ulichokiona.

Tena akasema mgongo wangu anauona unasumbua, tubadilishane vyumba, kitanda cha namba 2 ni kigumu na kizuri. Nikahama kabla hajamaliza kusema. Namba 2 ni yangu, kiyoyozi changu! Ila umeme haujarudi. Na namba 2 haina dirisha, kwa ajili ya kiyoyozi. Namsikia Nyarugabo upande wa pili akifungua dirisha langu na kusema aa, upepo.

Alijua. Haiwezekani hakujua.

Jumamosi, 18 Julai

Amesema.

Sikutegemea. Sauti yake ya besi ikashuka pole pole, kuku wenyewe walinyamaza. Kurasa zangu mbili hakuzitoa mfukoni. Alianza na babu yangu aliyewavusha watoto wa kilima chao mtoni mwaka wa mafuriko. Nilikuwa nimemsahau huyo babu. Akasema Elisée amesomesha watoto watatu wa marehemu kaka yake kwa pesa anazotuma kutoka Louisville, na mdogo wao sasa ni mwalimu. Akasema kambini nilimbeba mama yake mgongoni mpaka zahanati, na mgongo huu unaouma haukuanzia ghalani.

Hapo nililazimika kutazama chini kwa sababu yangu mwenyewe.

Halafu akaharibu. Akasema mtu huyu anashusha masanduku kwenye malori, mkono wake hauna aibu. Masanduku! Nilimwambia Rakeli kwa simu kwamba nasimamia idara. Nikakohoa. Mzee akaniambia mposaji hakohoi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Rakeli akatoka na maziwa. Mrefu, taratibu, sindano imechomekwa kwenye kola ya blauzi. Alinipa mimi kwanza. Kisha akampa Nyarugabo, akamuuliza kama mama yake yu hai bado. Nyarugabo akasema yuko Whitehall, pembeni ya Columbus, anawasumbua majirani. Rakeli akacheka. Sikuona kuna kichekesho.

Lakini posa imekubalika masikioni, hilo ni wazi. Nimemaliza nusu ya kazi. Kesho namaliza nusu iliyobaki.

Jumapili, 19 Julai

Ibada ya saa tatu, ndefu. Nimeomba msamaha mapema ili niwe nimetangulia.

Kisha nikasimama mbele ya Mzee Ruberwa, Nyarugabo ameinama kwenye stuli. Sikusema uongo hata mmoja, Biblia ni shahidi. Nilisema nilichokiona, kama alivyoandika mwenyewe. Nikasema anakoroma, na ukuta unatetemeka. Nikasema anakula mayai mawili kila asubuhi, na akipewa moja anauliza la pili liko wapi. Nikasema nyumba ya Whitehall anayoiita yake amepanga, yuko humo na mama yake na binamu wawili, na choo ni kimoja. Nikasema si mkurugenzi mkuu, anasukuma vitanda hospitalini. Nikasema hajui kukasirika, mtu akimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi, na mwanamume wa namna hiyo nani atamlindia mke?

Hakukohoa hata mara moja.

Mzee akauliza kama kuna jema lolote nimeona. Desturi inadai walau moja. Nikafikiri. Nikasema jana aliniazima viatu vyake vyeusi, vyangu vilipoingia matope. Mzee akatazama miguu yangu. Nilikuwa bado nimevivaa.

Pazia likacheka. Nilitambua sauti ya Rakeli. Mwanamke akicheka namna ile, mpinzani amekwisha.

Njiani kurudi Nyarugabo alinipisha sehemu kavu ya barabara. Nikamwambia desturi ni desturi. Akasema umesema kweli tupu, Elisée, asante. Akauliza kama viatu havinibani.

Umeme umerudi. Kiyoyozi kimeunguruma mara mbili, kimetoa maji, kimekufa.

Jumatatu, 20 Julai

Nina hasira. Naandika hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi Rakeli alikuja mwenyewe hotelini, na shangazi yake akabaki kivulini. Antoine akafuta kiti kwa taulo. Kwa taulo langu. Nikavaa koti haraka, nikatoka.

Rakeli akaniambia, kaka Elisée.

Hapo ningeweza kufunga daftari. Mtu hasafiri ndege tatu kuitwa kaka.

Akasema Mzee alimwachia neno la mwisho, naye amelileta kwa mdomo wake ili nisilisikie kwa mwingine. Akasema siku ya kwanza alimsikia mtu akimpandisha mwenzake, na kitu kile kile anakitaka yeye. Siku ya pili akamsikia mtu huyo huyo akivuliwa nguo mbele ya watu, naye ametulia. Akasema wewe umenisaidia sana, kaka. Mambo ambayo mwanamke anayajua baada ya miaka miwili ya ndoa, umenieleza kwa nusu saa. Anakoroma. Mayai mawili. Mama mkwe, choo kimoja. Nimeyapima yote, nayaweza.

Nikamuuliza, na mimi je? Maana nimesifiwa siku nzima. Akasema sifa zako nimezipenda, zile za babu na za watoto wa kaka yako. Kama ungekuja na hizo, bila mkurugenzi, tungeongea. Akaniwekea mkononi shati alilonishonea, zawadi ya msemaji. Ndiyo desturi: msemaji aliyefaulu hupewa shati.

Limenikaa sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyarugabo akaja kunishukuru na machozi. Akasema hatasahau, nikimhitaji nimuite tu.

Nimekaa nimelifikiri jambo hili kwa utulivu, na kosa nimelipata. Kosa lilikuwa zamu. Anayesema wa kwanza ndiye anayependwa. Na kosa la pili, Nyarugabo anasema vizuri kupita kiasi, watu wanamtazama yeye wanamsahau mposaji. Kwangu mimi kosa sijaliona.

Jolie amepiga simu mchana. Baada ya kunitukana alinipa habari. Kuna Séphora, North Buffalo, anatunza wazee, ametulia, hajaolewa. Baba yake naye ni wa zamani, anataka msemaji. Bon. Nimemwomba Nyarugabo. Amekubali kabla sijamaliza, ataendesha gari kutoka Whitehall mpaka Buffalo kwa ajili yangu.

Safari hii sibahatishi. Nimekwisha kumwandikia barua baba yake Séphora, Antoine ameipeleka posta. Nimemweleza kwamba mtu atakayekuja kunisemea anakoroma, anakula mayai mawili, hana nyumba, na asimsikilize sana. Nimetia sahihi: Rutebuka, Mkurugenzi.

Ndege ni kesho. Louisville nitafika Alhamisi jioni, Ijumaa alfajiri niko zamuni. Buffalo nakwenda tarehe nane Agosti na kurudi tarehe tisa, tukiwa wawili, mimi na Séphora. Nimemwambia Jolie atoe vitu vyake kwenye chumba kikubwa.