Kitambaa Kilichokataa Kuliwa

Jumamosi, 9 Novemba
Siku kubwa! Agronomu Nahum, bwana shamba wetu, ametukusanya wakulima wa kanisa hapa Kamina, akamgawia kila mmoja kitambaa cheupe cha pamba. Tukiandike jina, tukizike shambani, kifukuliwe baada ya miezi miwili. Eti udongo una vidudu visivyoonekana kwa macho, mamilioni katika kiganja kimoja, na ndivyo vinavyolisha mimea. Kitambaa kikiliwa sana, udongo una uhai. Mwenye kitambaa kilicholiwa kuliko vyote atapewa kipande cha shamba la kanisa kando ya mto.

Kipande hicho ni changu. Kila kiangazi mke wangu Éliane anabeba ndoo za maji kichwani mpaka shingo inamuuma, nami nimeshamwahidi mbele ya akina mama wote wa kanisa. Isitoshe, nani ana shamba kama langu? Nalifagia kila asubuhi. Hakuna jani! Kila Agosti nalichoma moto. Mahindi matupu, mistari imenyooka kama ya daftari. Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja, basi jina nimeliandika kwa wino usiofutika, herufi za duara, na mkia chini ya K. Nahum mwenyewe amelisifu.

Shamba la jirani yangu Sylvie, mke wa askari wa Base, kambi ya jeshi, ni aibu. Mahindi, maharagwe, maboga, matembele, mchicha wa lenga-lenga, vyote vimelaliana, na chini majani yanaoza. Nimemwambia hivyo kwa upole. Akajibu: “Papa Kabamba, minyi niko nalima, siko napokea bageni mu shamba.”

Jumatano, 27 Novemba
Nimechungulia kitambaa changu. Kizima! Kingeweza kwenda ibadani. Nimemuuliza Nahum, kwa niaba ya rafiki, kwa nini vidudu havina hamu ya kula. Akasema moto unaviua, ufagio unavinyima chakula na kivuli, na mahindi peke yake kwao ni bukari, ugali wetu, bila mboga mwaka mzima. Rafiki huyo aache majani yaoze, achanganye mimea. Nimemshukuru. Upuuzi! Watu wakipita waseme nini?

Nimekimwagia kitambaa maji ya sukari.

Alhamisi, 28 Novemba
Siafu! Wamekula sukari, wameacha kitambaa, wameniuma mimi. Éliane amenipaka mawese bila kuuliza chochote. Ameshanizoea.

Jumapili, 5 Januari
Akili ni mali! Kwaya ilipoanza wimbo wa tatu, ule usiokwisha, nikashika tumbo nikatoka. Sylvie alikuwa benchi la mbele, anapiga makofi. Nikakifukua changu, mbio mpaka kwake, nikafukua chake. Nyuzi tu! Jina limeliwa lote. Udongo wake mweusi, una harufu nzuri, na minyoo minene. Nilimwonea wivu, wivu mkali, sitaficha. Nikazika changu kwake, nikarudisha majani juu, nikazika chake kwangu. Nikawahi sala ya mwisho. Mchungaji akauliza tumbo likoje. Nikasema Bwana ametenda.

Jumamosi, 11 Januari
Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Walianza kwangu. Nahum alifukua: nyuzi! Watu wakashangilia. Éliane akapiga vigelegele, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajafanya tangu harusi ya binti yetu. Nikaanza hotuba kuhusu usafi. Nahum alikuwa anausugua udongo wangu kwa vidole, mkavu kama majivu, amekunja uso.

Tukaenda kwa Sylvie. Kitambaa kikatoka cheupe, kizima. Juu yake, herufi za duara, na mkia chini ya K: KABAMBA. Miezi miwili udongo wangu ulikuwa umelitunza jina langu bila doa!

Kisha Sylvie: “Papa Kabamba, kumbe jina yako njo ilikuwa mugeni mu shamba yangu?”

Walicheka wote, hata mchungaji. Éliane hakucheka. Aliuachia mkono wangu, polepole. Hilo liliniuma kuliko siafu.

Jumatatu, 13 Januari
Kipande ni cha Sylvie. Amempa Éliane matuta matatu, karibu kabisa na maji. Éliane ameondoka asubuhi na jembe, na gunia zima la majani makavu niliyokuwa nimeyakusanya niyachome. Nikamuuliza kiangazi nani atabeba maji ya mboga zangu. “Ndoo iko pale,” akasema. “Weye njo utabeba.”

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: wino. Ulikuwa mzuri mno.

Lakini bado kuna kipande cha pili kando ya mto! Nahum ametangaza kwamba safari ijayo hatazika vitambaa. Novemba atahesabu aina za mimea inayojiotea yenyewe, maana udongo hai huotesha mingi. Kwangu ipo aina moja, tena nimeing'oa leo. Kwa Sylvie nimehesabu kumi na tisa. Basi nitayahamishia magugu yake kwangu, shina moja moja, kila Jumapili, kwenye wimbo wa tatu. Éliane atanishika mkono tena.

Ila kwanza, Agosti, nitalichoma shamba na kulifagia vizuri. Magugu ya watu lazima yapate mahali safi pa kufikia.