Sumu ya Sura ya Sita

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua. Ifikapo Ijumaa nitakuwa mchezaji wa kundi la juu. Mwalimu wa michezo ametangaza nafasi moja tu. Wengine wangeogopa. Mimi nimeazima kitabu.

Mchezo wenyewe ni pikoboli: kibao mkononi, mpira wa plastiki wenye matundu, wavu katikati, kiwanja kidogo ambacho zamani walimu waliegesha magari. Nimo kundi la kati tangu mwaka jana. Mwalimu husema nina bidii, neno ambalo walimu hulitumia wakikosa jingine.

Sitafuti sifa. Nataka benchi. Wakati wa mapumziko kundi la juu hukaa pamoja chini ya ngazi, wanacheka, wanagawana karanga. Mimi hula maktabani, nyuma ya rafu ya jiografia, kimyakimya, maana kula humo ni marufuku. Mkutubi anajua. Hujifanya hanioni. Ni wema wake, lakini kutoonekana nimekuchoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimemaliza sura tano za kwanza. Nguvu. Kasi. Bega. Kishindo. Nguvu tena. Nimezielewa zote. Sura ya Sita inaitwa "Upole Karibu na Wavu". Inamshauri mtu auguse mpira taratibu, udondoke tu upande wa pili, kisha asubiri mwenzake akosee. Nimeiruka. Hayo ni mazoezi ya wagonjwa.

Jioni nimejizoeza sebuleni, mimi na ukuta. Bega kama kitabu kinavyoelekeza. Saa ya ukutani imeanguka. Mama ametoka chumbani kuuliza kama vita vimeanza. Nikamweleza kuwa hii ni sayansi. Akasema sayansi ikafanyiwe nje, na saa nitaitundika mwenyewe. Nimeitundika. Inatembea, ila kwa kusitasita.

Jumatano, 6 Machi

Pigo! Binamu naye anaitaka nafasi.

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinalala kitanda cha juu. Binamu ni mtoto wa mjomba, tunaishi naye tangu Januari. Hajawahi kufungua kitabu kwa hiari. Ana marafiki kila darasa. Benchi la nini? Yeye popote akaapo panageuka benchi.

Tena ameniomba msaada. Amesema mimi ndiye msomi wa nyumba hii, nimwonyeshe siri za kitabu, maana yeye herufi zinampa usingizi.

Nilikuwa nakunja nguo za Mama wazo liliponijia. Nikakaa juu ya nguo. Siri anataka? Nitampa Sura ya Sita. Hata dhambi si dhambi, imechapishwa.

Alhamisi, 7 Machi

Sumu imenyweka. Nimemsomea sura nzima, kwa sauti ya huruma, na mifano nikaongeza. Akauliza sasa mpira ataupiga kwa nguvu lini. Nikamjibu kuwa wachezaji wakubwa hawana haraka. Nilijiuma shavu nisicheke.

Kusudi imwingie vizuri, baada ya masomo nikampeleka kiwanjani. Tukasimama yeye huku, mimi kule, tukadondosheana mpira juu ya wavu mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Wangu ulitua kila nilipotaka. Inasikitisha, kipaji kama changu kutumika kwa upuuzi. Binamu alianza kwa mzaha, halafu akatoa ncha ya ulimi kama mtoto anayechora. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa utulivu, kama mwanahistoria.

Wengine walitolewa mapema. Tukabaki wawili, mimi na Binamu, ana kwa ana. Mpira wangu wa kwanza ulivuka wavu, ukavuka mstari, ukavuka uzio. Ulikuwa mpira bora wa siku. Kiwanja ndicho kifupi. Wa pili uliangusha chupa ya chai ya mwalimu. Wa tatu ukaingia! Binamu badala ya kuurudisha kiume akaugusa tu. Ukadondoka mbele ya wavu kama jani kavu. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, bega limeshajiandaa. Mchezo wote ukawa hivyo. Kumi na moja kwa mbili. Mbili zenyewe alinipa, alikuwa akisalimiana na watu.

Mwalimu akamuuliza nani kamfundisha. Binamu akaninyooshea kibao. Kundi la juu zima likageuka. Mwaka mzima nimetamani wanione. Hapo nikaitamani rafu ya jiografia.

Mwalimu akanijia, suruali imelowa chai.

"Kumbe haya unayajua," akasema. "Sasa mbona unapiga kama unaua nyoka?"

Ni wazi hajasoma Sura ya Kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Mapumziko. Nilikuwa naelekea maktabani, chakula kwapani, nikipita chini ya ngazi kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Binamu akaniona.

"Kaka, unakwenda wapi?" Akawasukuma wenzake kwa kiuno. "Sogeeni bwana, mwalimu wangu akae."

Wakasogea. Nikakaa. Nikapewa karanga. Msichana anayevaa miwani kama yangu akauliza kama naweza kumfundisha naye ule upole. Hakuna aliyetaka kujua niko kundi gani. Kengele ilipolia, Binamu akasema kesho nisichelewe.

Mtu mwepesi wa kuridhika angeishia hapo. Lakini benchi la kukaribishwa si benchi la kushinda. Muhula ujao nafasi zitagombewa upya, na safari hii sitafanya kosa. Nimelichunguza kosa lenyewe, nimelipata: sumu ilikuwa nyepesi. Upuuzi wa Sura ya Sita haukutosha.

Jioni nimefungua ya Saba. Inahusu kutuliza miguu, kuvuta pumzi, na kumtazama mpinzani vizuri kabla ya kuupiga mpira. Kurasa thelathini! Hapo hachomoki mtu.

Nimemwahidi Binamu tutaanza kesho. Amenishukuru, maskini. Mimi narudia Sura ya Kwanza. Saa ya Mama nimeihamishia jikoni.