Mikate ya Kuhamia Namba 301

Jumamosi, 12 Oktoba
Mwenye nyumba kapiga simu. Mwanawe anaoa, anaitaka nyumba yake mwisho wa Novemba. Miaka tisa namtengenezea kiyoyozi bure! Hata pole hakusema.

Basi, tunanunua. Mimi, Noh Pansu, fundi viyoyozi wa mji wa Jinju, niliyeanza kazi kwa ngazi ya kuazima, nanunua nyumba.

Leo tumeona namba 301, ghorofa ya tatu, lifti ipo. Mama Duri kakagua jiko. Duri kachagua chumba kabla hata ya kuvua viatu vizuri. Mama mkwe kaenda moja kwa moja roshani, kainama na magoti yake yale mabovu, kaweka kiganja sakafuni. Ina joto, akasema. Yakaishia hapo. Roshani yetu ya sasa inatazama kaskazini, na mitungi yake saba ya kuchachushia soya, inayotaka jua, imeota ukungu mwaka wa pili huu. Kwa kuuza soya hiyo alimsomesha mama Duri. Hajalalamika hata siku moja. Afadhali angelalamika.

Bei: won milioni 270. Ninazo, pamoja na mkopo. Ila nimepanga kulipa 255. Hizo 15 ni gari jipya la kazi. Mlango wa hili la sasa nimeufunga kwa kamba.

Shemeji Wonho wa benki, kaka yake mama Duri, katoa mawaidha kwenye simu bila kuombwa. Niende kuiona saa sita mchana, na niende tena mvua ikinyesha. Nifungue mabomba yote kwa pamoja. Nisogeze makabati nitazame nyuma yake. Hati ya umiliki niisome asubuhi ile ile ya kutia saini, nisije nikanunua nyumba pamoja na madeni ya mwenyewe. Na nisikope hadi nikakosa pumzi. Nimemshukuru. Mtu aliyepewa nyumba na baba wa mkewe anifundishe mimi kununua!

Jumapili, 13 Oktoba
Nimepata mbinu. Sijalala kwa furaha.

Ili bei ishuke, zinahitajika kasoro. Dalali wetu, Bi Pyo, anaapa kwamba nyumba haina hata moja. Majirani nao hawamwambii mnunuzi kitu, maana bei ya jirani ikishuka na yao inashuka. Lakini jirani mwenzao watamficha nini? Nani huja na mikate ya mchele mlango kwa mlango? Anayehamia! Basi nimehamia. Mapema kidogo.

Nimenunua mikate ya mvuke yenye maharage mekundu, bado ina moto. Nimechukua sahani nne za mama Duri, zile za harusi zenye ukingo wa buluu. Sahani za karatasi zingeninyima heshima.

Bibi Seo wa 401 kanivuta mkono hadi ndani. Kabla sijauliza kitu nilikuwa nimeulizwa umri, kazi, mke katoka ukoo gani, mbona mtoto mmoja tu. Nikataja mitungi ya mama mkwe. Machozi yakamlengalenga. Akasema siku hizi hata wakwe wanaachwa nyuma, sembuse mitungi. Bwana Ho wa 201, dereva mstaafu wa basi, alitaka jambo moja tu: mtoto anakimbia? Nikasema anasoma. Akasema hata wanaosoma wana visigino.

Faida ya siku nzima: maji hupungua saa moja jioni, na ukuta wa chumba cha nyuma unatoka jasho wakati wa baridi. Kasoro mbili! Kila moja naithamini milioni saba na nusu. Nawashukuru sana wazee wale.

Jumanne, 15 Oktoba
Balaa.

Nilisahau kwamba sahani hairudishwi tupu. Nikasahau pia kwamba wanaojua nahamia 301 wangezirudisha 301.

Saa tatu asubuhi Bwana Kwon, mwenye 301, kafungua mlango na pajama. Bibi Seo kamkabidhi kimchi, kabichi yake ya pilipili iliyochachushwa. Nyuma yake Bwana Ho na peasi. Kisha wale wa 302 na samaki wakavu, wale wa 402 na mafuta ya ufuta. Wote wakimwomba awafikishie wageni wetu, watu wazuri sana hao. Bwana Kwon kampigia Bi Pyo kuuliza nani kamuuzia nyumba yake usingizini.

Bi Pyo kanipigia mimi. Nimeweka simu mbali na sikio na bado nimesikia yote. Miaka ishirini ya udalali, akasema, sijaona mtu anayegawa mikate kwanza halafu ndio aombe apunguziwe! Bwana Kwon sasa anajua kwamba nimeshazama mzima mzima. Hapunguzi hata won moja.

Mama Duri kauliza sahani zake ziko wapi. Nimesema kazini.

Lakini kimchi ni nzuri mno. Bwana Kwon katuletea vyakula vyote na sahani zake kupitia kwa Bi Pyo. Tumekula. Nashukuru, kwa shingo upande.

Alhamisi, 17 Oktoba
Kuna mume na mke wametokea wanaitaka 301. Wanatoa milioni 275, tena taslimu. Watakwenda kuiona kesho, na arubuni wanayo mfukoni.

Nimefanya hesabu mara nne. 275 sina. Hata nikiuza gari, pamoja na kamba yake.

Mama mkwe alikuwa ameshaosha mitungi mitatu, kaianika mbele ya mlango. Sikujua nianze vipi, ikabidi nimwambie hivyo hivyo. Akasema si kitu, baba Duri, umechoka, kale. Halafu akaibeba mmoja mmoja, akairudisha roshani ya kaskazini. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Mgongo wake ule ulinitoa hamu ya chakula.

Jumamosi, 19 Oktoba
Ajabu! Ajabu kubwa!

Wale mume na mke jana walifika, wakakutana na Bibi Seo kwenye lifti. Wakamwambia wanakwenda kununua 301. Bibi Seo akawaambia wamechelewa, mwenye 301 ana mkwe na mitungi saba, na mikate yake sisi tumeshaila, mnataka tuitapike? Bwana Ho kapanda ngazi kwa miguu kuja kuwauliza wana watoto wangapi. Watatu, wa kiume. Akawaambia yeye ana usingizi mwepesi na afya njema, ataishi miaka mingi. Wakaondoka bila hata kuona jiko.

Kisha Bibi Seo kaenda kwa Bwana Kwon. Walichozungumza sijui. Bwana Kwon anasema tu kwamba bei ni ile ile 270, na nije upesi kabla bibi yule hajarudi.

Tumetia saini leo, pale pale 301. Bado nilijaribu 255. Bwana Kwon alicheka hadi akakohoa, Bi Pyo akampa maji.

Shemeji Wonho alikuja na hati ya umiliki ya asubuhi hii. Safi, haina deni. Akasogeza kabati la chumba cha nyuma. Ukuta mweusi tii! Nikasema niliujua ukuta huo tangu Jumapili. Akaniuliza mbona haumo kwenye mkataba. Sikupenda sauti yake. Sasa umo: Bwana Kwon atautengeneza kwa gharama yake kabla hatujahamia. Wazo langu, kimsingi.

Nimemshukuru shemeji. Mara mbili, maana ya kwanza mama Duri alisema haikusikika.

Jumamosi, 23 Novemba
Tumehamia. Mitungi saba yote salama. Niliibeba mwenyewe, mpagazi asiguse. Saa nne jua likaingia roshani, likatulia juu ya vifuniko. Mama mkwe kavuta kigoda, kakaa katikati ya mitungi. Baadaye kanishika kiwiko, kasema, asante, mwanangu. Miaka kumi na minne ananiita baba Duri. Nilikwenda kuangalia bomba la chooni ambalo halina tatizo lolote.

Mama Duri kaniamuru nigawe mikate. Nikamwambia nilishagawa. Ndipo akajua sahani zilikuwa wapi. Nimegawa tena.

Bibi Seo, Bwana Ho, nyote: Noh Pansu hatasahau. Viyoyozi vyenu vyote nitavisafisha bure kabla ya joto. Gari linaweza kusubiri. Kamba ni imara.

Na mbinu yangu ilifaulu. Iandikwe hivyo.

Jumapili, 24 Novemba
Leo kaja bwana mmoja wa miwani, mpole, na mikate ya mchele ingali na moto. Anahamia 202. Na sahani ya kaure, si karatasi! Nimemkaribisha ndani. Mtu msikivu sana. Kauliza kama ukuta wa nyuma unatoka jasho. Nimemweleza wote, hadi rangi yake. Kauliza maji, nimemwambia saa moja jioni asikoge. Kauliza na bei niliyolipa, nikaitaja. Alikuwa akiandika kwenye simu yake, nadhani salamu kwa mkewe.

Majirani wenye adabu kama huyu wamebaki wachache. Mama mkwe kamjazia sahani kimchi, nami nimeipeleka 202 mwenyewe. Kafungua mama mmoja na pajama, kashangaa mno, kaniuliza nani kamuuzia nyumba yake. Bila shaka ni dada yake, hawajaelewana bado.

Nimemwachia kimchi. Nashukuru kwa ujirani mwema.