Setilaiti Iliyostaafu na Dishi la Mukhwana

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.

Ukweli nimeupata! Chepngeno, fundi wa madishi, ameangalia runinga yangu dakika mbili akasema kosa si langu. Setilaiti imestaafu.

Nikashusha pumzi. Nilidhani imekufa. Mimi mwenyewe nilistaafu ukarani wa masjala mwaka 2016 na bado niko. Mara mbili wameniita nikawatafutie faili. Mstaafu akiitwa, anarudi. Sasa ni kumwita tu.

Kila Jumapili saa tisa Mstaafu huyu alikuwa akituletea kwaya ya kanisa letu, ile iliyorekodiwa 2009. Marehemu mke wangu Nabwile yuko mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto, leso ameibana chini ya mkanda wa saa. Anaonekana peke yake sekunde nne. Tangu nimzike sijakosa hata wiki moja. Tangu Februari, hakuna kitu. Kituo cha runinga nacho kimefungwa, na kanda zake hakuna anayejua ziliko.

Jumanne, 4 Machi.

Nimesoma habari za Mstaafu kwenye simu mpaka betri ikaisha. Alirushwa angani 2007. Tani nne na nusu. Mabawa ya sola, ncha hadi ncha, mita ishirini na tisa. Vipitishi vya mawimbi thelathini na sita. Alikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, akizunguka sambamba na dunia, ndiyo maana kwetu alionekana hasogei. Karani kamili!

Mafuta yalipokaribia kuisha wakamsukuma juu zaidi, kilomita mia tatu, mahali wanapopaita makaburini. Jina baya. Lakini mia tatu! Nairobi ni mbali zaidi.

Kumbe shida ni ndogo. Yeye amepanda kidogo, na dishi langu ni dogo. Shemeji Mukhwana, kaka yake Nabwile, analo lile kubwa la zamani, mita mbili na nusu.

Alhamisi, 6 Machi. Myanga, Bungoma.

Nimemdanganya shemeji. Nimesema nataka dishi la kuanikia maharagwe. Akaniangalia sana. Akasema ati dishi ni la kuku siku hizi, mvua ikinyesha wanakunywa ndani yake, jua likiwaka wanalala chini yake. "Sasa kuku niwaambie nini, shemeji?" Nikasema awaambie ni kwa ajili ya marehemu. Ulimi umeteleza! Akauliza haya maharagwe ya marehemu ni ya aina gani.

Nikamweleza yote. Kisha akasema atalileta mwenyewe, kwa sababu hata yeye yumo kwenye ile video, sauti ya nne, na hakuna mtu amewahi kumsifu.

Yumo kweli. Sikio moja linaonekana.

Jumamosi, 8 Machi. Kitale.

Dishi limefika kwa pikapu, pamoja na kuku mmoja aliyekataa kushuka. Tumelifunga juu ya mnara wa tangi, tupunguze zile kilomita mia tatu. Huku karibu na ikweta dishi hutazama juu moja kwa moja, kama beseni. Sikufikiria mvua.

Saa kumi ikanyesha. Dishi likajaa. Likainama polepole, kwa adabu, kama mtu anayesalimia mkwe, likamwagia Mukhwana maji yote. Alikuwa na suti ya kanisani. Amesema maneno ambayo Nabwile angeyakataza.

Jumapili, 9 Machi.

Chepngeno amekuja baada ya ibada. Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Halafu akatueleza taratibu kwamba redio zote za Mstaafu zimezimwa. Na hata alipokuwa kazini hakuwa na wimbo wowote ndani. Alipokea kutoka chini, akabadilisha masafa, akaongeza nguvu, akarudisha chini. Hakuweka chochote. "Si masjala, mzee. Ni tarishi."

Tarishi!

Saa tisa tuliwasha hata hivyo. Kioo cheusi, maneno mawili: hakuna mawimbi. Mukhwana akaanza kuimba sauti yake ya nne, chini chini. Anaimba vibaya. Alipofika pale pa Nabwile akanyamaza, akamwachia nafasi yake, kisha akaendelea. Chepngeno akainama kufunga mkoba wake. Ulikuwa umefungwa tayari.

Jumanne, 11 Machi.

Mukhwana amerudi Myanga. Dishi bado liko kwangu.

Nimempigia Chepngeno simu, swali moja tu. Je, mawimbi yaliyompita tarishi bila kupokelewa yalienda wapi? Akajibu haraka, ana mteja, kwamba hayo yalipitiliza angani na bado yanasafiri, kwa kasi ya mwanga.

Asante sana! Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa namfuata tarishi badala ya barua.

Nimepiga hesabu. Wimbo ulirushwa mara ya mwisho Jumapili, tarehe 26 Januari. Siku arobaini na nne tu. Bado uko karibu!

Nimemwandikia Mukhwana. Amejibu papo hapo: "Tusichelewe, shemeji."