Bi Zuwena Katutoka

Leo sina uso. Wale mliosoma tanzia niliyoibandika hapa asubuhi, naomba muache kwanza kumwombea rehema, mnisikilize. Nitaeleza kila kitu kama kilivyokwenda na sitajitetea. (Nitajaribu kidogo, nitashindwa.)

Mnajua blogu hii ilivyoanza. Au hamjui, maana hamkuwepo. Mwaka wa kwanza niliandika kila kilichonijia: namna ya kupika mkate wa kumimina kwenye oveni za huku Uarabuni, malalamiko ya foleni ya magari baina ya Hail, mtaa wetu, na Al Khuwair ninakofanya kazi, hata shairi moja ambalo nimelifuta na msiniulize. Pale chini ya ukurasa kuna kile kidude cha kuhesabu wageni. Kwa siku kilinipa wageni tisa. Sita kati yao walikuwa mimi mwenyewe, nikiingia kutazama kama kuna mgeni.

Kisha akafariki Mzee Seif, mwalimu wa udereva, aliyewafundisha nusu ya Waswahili wa mji huu kurudisha gari nyuma. Nilikwenda kwa watoto wake jioni tatu mfululizo, nikakaa nao, nikauliza, nikasikiliza, ndipo nikaandika. Asubuhi yake kidude kikasoma mia nne. Watu wa London, wa Dubai, wa Unguja, wote wamo humu wanakumbushana na kulia. Mmoja aliandika kuwa ameisoma mara mbili na ya pili amemsomea mkewe. Nikajifunza somo siku ile, ila nilijifunza lile lisilo lenyewe. Nikadhani watu wanataka vifo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa tanzia. Akifa mtu, nataka niwe wa kwanza kuandika. Mama akipokea simu akasema tu "masikini", mimi nishafika kwenye kompyuta. Siku moja aliniambia, "Rahma, wewe siku hizi ukimpigia mtu mzima kumwamkia tu, mwenyewe anaingiwa na khofu." Nikacheka. Nilidhani ni sifa.

Sasa leo. Saa tatu asubuhi niko ofisini Al Khuwair, mkuu wangu anasubiri barua ambayo sijaianza, simu yangu inalia. Ni Thuraya, rafiki yangu. Thuraya ni mkwe wa Bi Zuwena na wanakaa nyumba moja Hail, ukuta kwa ukuta na kwetu. Na Bi Zuwena ndiye aliyenilea. Mama alipokuwa kazini mimi nilikuwa kwake, tangu nina miaka miwili hadi nikaanza shule. (Na baada ya shule pia, maana chakula chake kilikuwa kitamu kuliko chetu. Mama asisome hapa.)

Thuraya alikuwa analia.

"Rahma, mama katutoka."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Lini?"

"Baada ya sala ya alfajiri. Hata hakuniaga. Mimi niko jikoni natengeneza chai, narudi, hayupo."

"Na Nassor?" Nassor ndiye mumewe, mtoto wa mwisho wa Bi Zuwena.

"Nassor yuko Sur kikazi, sijamwambia, nnaogopa. Kaka yake Khamis ndo aliyekuja kumchukua. Keshamfikisha kwake Mabela."

"Pole, habibti. Subira."

"Nenda ukamwone, Rahma. Wewe anakupenda." Simu ikakatika.

Ananipenda, kasema. Anakupenda, si alikuwa akikupenda. Mtu mwenye akili angelisikia neno hilo. Mtu mwenye akili angempigia Khamis akauliza. Mtu mwenye utu angempigia kwanza mama yake mzazi, ambaye Bi Zuwena ni shoga yake wa miaka yote. Mimi nikafungua blogu.

Muda hakuna, barua inasubiriwa. Nikaichukua tanzia ya Mzee Seif, nikainakili nzima, nikatoa "Mzee Seif" nikaweka "Bi Zuwena", nikatoa "baba yetu" nikaweka "mama yetu". Nilikusudia kuja kurekebisha mengine baadaye. Nikaipitisha macho juu juu na ikasomeka vizuri kabisa, na hapa ndipo nnapokilaumu Kiswahili chetu. Ingekuwa Kiarabu nisingefika mbali, kila kitenzi kingenidai nikigeuze, mwanamume kuwa mwanamke, na katika kugeuza ningeshtuka. Kiswahili hakiulizi. Alikuwa, alipenda, aliwafundisha: kwa mwanamume sawa, kwa mwanamke sawa. Haikupita robo saa, tanzia ikawa iko mbele ya walimwengu.

Kisha nikalia. Wallahi nililia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini jicho moja lilikuwa kwenye kidude. Saa nne, mia mbili. Saa tano na nusu, mia tano na kitu, nimempita Mzee Seif. Nikasikia raha. Naliandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na linanitia haya kuliko yote mtakayoyasoma hapa chini.

Mtu mmoja wa Dubai aliandika kwenye maoni, "Mpira umepoteza mtu." Nikadhani kakosea ukurasa.

Nilipiga nyumbani, hakuna aliyepokea. Mkuu akanipa ruhusa ya kwenda msibani (barua kaandika mwenyewe), nikafuta rangi ya mdomo, nikashika njia ya Mabela.

Mabela ni nyumba mpya tupu, zote za rangi moja, na kwa Khamis nilikuwa nimefika mara moja tu. Leo haikunipa tabu kupaona. Magari yalijaa hadi kwenye kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa. Nje wanaume wamesimama makundi makundi, vichwa chini, hawasemi. Nikaiona huzuni yao nikazidi kulia. (Haikuwa huzuni. Walikuwa hawajui wasemeje.) Mlangoni viatu havina idadi. Nikavua vyangu, nikaingia kwa wanawake.

Ukumbi umejaa na umenyamaza. Mama yangu yumo, kumbe keshapata habari kwa waliosoma, na anatazama zulia. Kwenye kona amekaa mtu mzima, kajitanda ushungi, kikombe cha kahawa mkononi. Macho yangu yamejaa machozi, sioni vizuri. Nikasema huyu ni ndugu wa marehemu katoka Unguja, dada yake bila shaka, walivyofanana. (Katoka Unguja na kufika Mabela kwa asubuhi moja. Sikuliwaza hilo.) Nikamwendea, nikapiga magoti, nikamwangukia kifuani, nikaachia sauti.

"Bi Zuwena wangu! Umeniachia nani, Bi Zuwena?"

Hakuna aliyelia pamoja nami. Nikasikia mkono unanipapasa mgongoni, mkono ninaoujua tangu utotoni.

"Rahma, mwanangu. Nani kafa?"

Sikuinua kichwa. Nilitamani nibaki pale pale mpaka watu waondoke, ikibidi mpaka Ramadhani.

"Maana mimi nimestaajabu," aliendelea Bi Zuwena, juu ya kichwa changu. "Tangu saa nne watu wanaingia. Kila anayeniona anashika mdomo, anakaa, ananyamaza. Nikasema labda ndo desturi ya watu wa Mabela, mtu akihamia wanakuja kumtazama."

"Umehamia?" nilisema, ndani ya ushungi wake.

"Nimemtoka Thuraya. Mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyokuja nayo kutoka Unguja, kaitia kwenye pipa la taka. Eti siku hizi tui liko kwenye kopo. Nikampigia Khamis, nikamwambia njoo unichukue, mie hapa sikai."

Katutoka. Yaani kahama. (Thuraya, kama unasoma, Kiswahili kina neno "kahama". Lingetufaa sote.)

Mama mmoja mwenye miwani, simjui hata sasa, akafungua mkoba wake akatoa karatasi. Alikuwa ameipiga chapa tanzia yangu ofisini kwao.

"Huyu ndo aliyeandika," akasema. "Si wewe Rahma wa intaneti? Hii hapa."

Bi Zuwena anasoma Qurani kwa sauti ambayo watu husimama dirishani kumsikiliza, lakini hizi herufi zetu za kizungu hazijui. Aliigeuza ile karatasi mara mbili, kisha akanipa.

"Nisomee."

"Bi Zuwena, nisamehe, si lazima."

"Nimekufa, nisijue nimekufaje? Soma."

Nikasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa salama, majonzi na dua. Wa pili ukanitoka kabla sijauona: "Alikuwa mpenzi mkubwa wa mpira wa miguu, na timu yake ikifungwa hakula chakula cha usiku." Mtu mmoja akakohoa. Nikauona wa tatu unakuja, nikauruka.

"Umeruka," akasema yule mwenye miwani, ambaye alikuwa anasoma nami juu ya bega langu.

Nikarudi. "Aliwafundisha mamia ya watu kuendesha gari, na hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele." Bi Zuwena hajapata kushika usukani maishani mwake. "Ameacha wake wawili..."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliyeanza ni Bi Zuwena mwenyewe, mpaka kahawa ikamwagikia mapajani. "Wake wawili! Na wanaelewana?" Mama yangu alicheka akijifunika uso. Yule mwenye miwani ilibidi ashikwe. Nami nikacheka, nikidhani nimesalimika.

Bi Zuwena akafuta macho kwa ncha ya ushungi. "Haya. Sasa nisomee pangu."

"Pako?"

"Hayo ni ya yule mwalimu wa gari, Mungu amrehemu. Yangu mimi yako wapi?"

Nikaitazama karatasi, kana kwamba yangejiandika.

"Mama yangu akiitwa nani?" aliniuliza.

Sikujua.

"Unguja tukikaa mtaa gani?"

"Ng'ambo?" nilibahatisha. Akatikisa kichwa.

"Umekula kwangu tangu huna meno yote, Rahma. Kuniua si neno, kila mtu atakufa, na kukosea ni kwa binadamu. Lakini umenizika kwa sanda ya mtu mwengine."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angelisema kwa hasira, nikajua pa kushika. Na si kwamba sikuwa na la kuandika. Alinishonea sare yangu ya kwanza ya shule, akauweka upindo mrefu ili niivae miaka mitatu. Aliniwekea ukoko wa wali kwenye kibakuli changu peke yangu na wanawe wakanuna. Yote hayo nilikuwa nayo asubuhi pale ofisini, na sikuandika hata moja, kwa sababu kuandika kungenichelewesha.

Hapo tukasikia gari inafunga breki nje, mlango wake ukafunguliwa na haukufungwa. Nassor. Alionyeshwa tanzia yangu na mfanyakazi mwenzake huko Sur, akaingia barabarani bila kumpigia mtu, kwa sababu hakutaka kusikia kwa masikio yake. Aliingia kwa wanawake bila hodi, watu wakavuta mitandio. Alimwona mama yake, akakaa chini pale pale kwenye kahawa iliyomwagika, akaweka kichwa mapajani kwake. Mwanamume mzima.

"Niko, baba," Bi Zuwena alimwambia. "Niko. Tazama, niko."

Nassor hakunitazama. Hakuna aliyenitazama, na hakuna aliyecheka tena. Mama yangu akanishika mkono akanitoa nje, tukarudi Hail.

Tanzia nimeifuta. Kidude kimefika mia nane na watu bado wanaleta salamu za rambirambi, na nimewajibu mmoja mmoja, nikiomba radhi. Nimewaza sana juu ya wale mia nne wa mwanzo. Hawakuja kwa ajili ya kifo. Walikuja kwa Mzee Seif, kwa sababu nilikwenda kumuuliza habari zake kwa wanaomjua, na walimkuta humu.

Tangu magharibi nimekaa hapa nikijaribu kumwandika Bi Zuwena kama anavyostahili, na hadi sasa nina mstari mmoja: yu hai, na yuko Mabela kwa mwanawe Khamis. Yaliyobaki nitakwenda kumuuliza mwenyewe kesho, na daftari, akikubali kunipokea. Anayetaka kunicheka namruhusu, ila kwanza aniambie mama wa bibi yake akiitwa nani.